Taa Tatu Ndani ya Mushonge wa Zuhura

Chekeni, chekeni tu, meno bado mnayo. Kila nikisema kwamba mimi, Koku binti Rwechungura, niliwahi kuwasha taa za umeme ndani ya nyumba ya nyasi kubwa kama tenga la kuku, na kwamba nilifanya hivyo hapa hapa Nyabiyonza kabla Wajerumani na Waingereza hawajapigana, mnatazamana na kufinyana. Mnasema bibi kazeeka. Nimezeeka, sikatai. Lakini taa zilikuwa tatu, zote ziliwaka, na kama si upumbavu wangu zingewaka siku moja mapema.

Basi nyinyi mnaojifunza kazi za mikono, kaeni niwaambie. Ambaye mikono yake haijui kitu anaweza kwenda zake, haya hayatamfaa.

Kazi yangu ilikuwa nyerere. Siku hizi mnaziona kwenye miguu ya vikongwe tu: zile bangili nyembamba za waya ambazo mwanamke alivaa kifundoni, hamsini, mia, hadi unamsikia kabla hujamwona. Baba yangu alikuwa fundi wa kuzitengeneza. Hakujaaliwa mtoto wa kiume, akanishika vidole siku moja, akavitazama kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Hivi vinatosha." Ndivyo nilivyoingia kazini. Hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Unachukua singa za mkia wa ng'ombe, unazisokota ziwe uzi. Waya wa shaba unanunuliwa dukani ukiwa mnene, unauvuta kwenye bamba la chuma lenye matundu, tundu kubwa kwanza, halafu dogo, halafu dogo zaidi, mpaka unakuwa mwembamba kama uzi wenyewe. Kisha unauzungusha juu ya singa, mzunguko ubavuni mwa mzunguko. Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi. Wa kulia unazunguka tu na kujisifu. Na mwisho kabisa, siagi. Baba hakutoa kazi mkononi mwake bila kuipaka siagi iliyokaa, ing'ae na isiingie weusi. "Kazi isiyopakwa siagi ni mtoto asiyeogeshwa," alisema, na mimi nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Siagi yenyewe ilishaniokoa. Nilipoanza kazi nilimpima bibi harusi mmoja wa Mabira mguu asubuhi, ametoka kuamka, mguu umenywea. Siku ya kuvaa alikuwa ameshinda anatembea. Nyerere zikafika nusu ya kisigino zikagoma, hazipandi wala hazishuki. Shangazi zake wanne wakamlaza chali, wawili wakavuta mguu, wawili wakavuta nyerere, yeye mara anacheka, mara analia, na wakwe wako mlangoni wanauliza kama bibi harusi anazaa au anaolewa. Nikaomba siagi, nikampaka mguu mzima mpaka gotini, zikapita. Tangu siku hiyo nikajua mambo mawili: mguu unapimwa jioni, na hakuna shida ambayo siagi haiimalizi. La kwanza ni kweli hadi leo.

Mahali petu pa kazi palikuwa kwenye kibaraza cha duka la Mwinyi Shomari. Mwinyi Shomari babu yake alitoka pwani, na yeye mwenyewe alizaliwa njiani, akapenda kusema kwamba hata mama yake hakujua ni wapi. Alikuwa Mwislamu safi, mcheshi, mwepesi wa kuapa na mzito wa kusahau alichoapa. Alioa kwetu, mwanamke wa Kanoni, na mtoto wao mmoja alikuwa Zuhura, umri wa miaka minane na amri kama za mtu wa miaka sitini. Baba alikaa kulia kwa mlango wa duka miaka mingi. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, nikakaa mimi.

Hapo ndipo akaja Mabruki. Alikuwa mpwa wa Mwinyi Shomari, fundi bati kutoka Tabora, na alikuja na sanduku kubwa la mbao lililojaa mikasi, nyundo na chuma cha kulehemu. Akalitua kibarazani, akakaa juu yake, akatandaza miguu hadi kwenye mkeka wangu.

"Dada, sogea kidogo," akasema.

"Mimi si dada yako. Na hapa ni pa baba yangu."

"Basi baba yako naye asogee."

Vita ikaanza siku hiyo. Jiko lake lilinifukiza. Tone la risasi yake ya kulehemu lilidondoka kwenye ndizi zangu za mchana, nikazila kwa kuzunguka tundu. Waya wangu ulimkwaruza visigino. Na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko zote: kabla ya kulehemu chochote alikisugua kwa majivu, akakisugua tena, akakinusa kama mbwa. Nikimuuliza ananusa nini anasema, "Mafuta. Mafuta ni adui wa bati." Nami nikaona huyu hana akili, adui gani hana hata mkuki?

Mwinyi Shomari alichoka kusuluhisha. "Kibaraza changu kinatosha fundi mmoja," akasema. "Siku moja nitachagua, na nikichagua nimechagua." Nikaogopa. Kibaraza kile ndicho kilichokuwa kinatulisha mimi na baba. Kila mwanamke aliyekuja kununua chumvi au nguo aliniona hapo. Mwanamke fundi akikaa nyumbani kusubiri wateja angesubiri mpaka ufe mgomba wa mwisho.

Sasa mushonge. Bibi yake Zuhura kule Kanoni alimsukia nyumba ya kuchezea, mushonge kamili wa nyasi, duara, paa linateremka hadi chini, mlango wenye kofia, na ndani vyumba vimegawanywa kwa mianzi myembamba. Walikaa humo wanasesere wa nyuzi za mgomba na ng'ombe wa udongo wenye pembe za miiba mirefu. Uzuri wake ungeuona kama ungeweza kuuona. Mnajua mushonge ulivyo: hauna dirisha. Unainama mlangoni na ndani ni giza tupu. Zuhura alitaka kuona watu wake wanafanya nini. Akaingiza kibatari.

Nyumba iliungua kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, na mkeka wangu nao, na kidogo duka lifuate. Mabruki alimwaga maji ya kulehemu, mimi nikamwaga uji. Bibi akasuka mushonge wa pili, bora kuliko wa kwanza, lakini Mwinyi Shomari akakataza moto wa aina yoyote. Zuhura akagoma kula. Siku ya kwanza baba yake akacheka. Ya pili akanuna. Ya tatu akaapa mbele ya wateja kwamba mwanawe atapata taa isiyounguza nyasi, na ataipata kabla ya Idi.

Wallahi aliapa hivyo, na ilikuwa katikati ya Ramadhani.

Kumbe alikuwa na kitu akilini. Alipokuwa Bukoba alinunua tochi mbili kwa mtu wa meli, zikawaka njiani siku chache, zikazimika, akazitupa stoo kwa hasira. Akazileta zote mbili na kijaluba cha globu za akiba, akavimwaga kati yangu na Mabruki.

"Nyie wawili," akasema. "Mabruki anajua madawa ya madini, Koku anajua waya. Fanyeni pamoja. Ikiwaka, nitajua la kufanya. Isipowaka, aliyeiharibu ataondoka kwenye kibaraza changu, na sitaki kusikia hadithi."

Mabruki akafungua tochi, akatoa betri, akazitikisa sikioni. "Zimekauka," akasema. "Ndani kuna ugali wa dawa. Ukikauka, kwisha." Akazigeuza kiganjani, moja moja. Kisha akatoboa kila betri matundu madogo kwa msumari, akachukua ile chumvi nyeupe anayotumia kulehemu, akaiyeyusha kwenye kibuyu cha maji, akazizamisha betri humo usiku kucha na kuzianika kivulini asubuhi. Akagusisha globu. Ikawaka! Ndogo kama buni mbichi, nyekundu kwanza, halafu njano. Nilipiga kigelegele bila kukusudia, yeye akaruka juu, tukajikuta tumeshikana mikono katikati ya kibaraza. Tukaachiana upesi kama watu walioshika sufuria ya moto.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nilionja. Ladha ya ile dawa ya ndani ni ile ile ya chumvi yangu."

Vijana wangu, msionje vitu vya betri. Alitema mate ya kijani siku mbili. Lakini jifunzeni hapo namna ya kufikiri.

Kazi ya waya ikawa yangu, na hapo ndipo nilipojiona malkia. Umeme wa namna ile una tabia ya ng'ombe: hauendi malishoni kama hauna njia ya kurudi zizini. Kila taa inataka njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na njia hizo zisigusane hata kidogo. Nikavuta waya kwenye tundu dogo kuliko yote, nikaufunga kwa vipande vya rubugo, kile kitambaa cha gome la mti, vilivyochovywa kwenye nta ya nyuki, nikaacha ncha tu ziwe tupu. Njia moja nikaipitisha ndani ya fito za kulia, nyingine za kushoto, zimefichwa kwenye nyasi mpaka bibi mwenyewe wa Kanoni asingezipata. Taa moja ikakaa kwenye mafiga, na juu yake kipande cha hariri nyekundu, kwa sababu Zuhura alisema moto mweupe ni wa wachawi. Ya pili kitandani. Ya tatu kwa ndama, kwa sababu Zuhura alisema ndama nao ni watoto.

Watu walipita kutazama. Wengine waliogopa, wakasema radi inaalikwa ndani ya nyasi. Mzee mmoja aliuliza kama mvua ikinyesha nje, hiyo radi ndogo itaomba kutoka. Mimi nilikuwa najibu kila mtu kwa sauti ya juu, nimevimba kichwa. Nikasema hadharani kwamba taa isipowaka, nitalivaa jiko la Mabruki kichwani nizunguke nalo gulio lote.

Siku moja kabla ya Idi tukaunganisha. Mwinyi Shomari akaja na majirani. Zuhura akalala kifudifudi, jicho mlangoni mwa mushonge. Mabruki akashika ncha za waya kwenye betri.

Giza.

Akashika tena. Nikakaza tena kwenye globu, nikazungusha, nikapuliza, nikaomba. Giza lile lile.

"Baba," Zuhura akasema kutoka chini, "wamelala."

Nilitazama uso wa Mwinyi Shomari, na kibaraza chote kikanizunguka kichwani. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Betri zake zimekufa! Nilijua tu! Mtu anafufua maiti kwa chumvi, ndiyo haya! Kazi yangu ni safi, tazameni waya, upo mmoja umepinda?"

Watu wakatazama waya. Ulikuwa mzuri mno. Mabruki akainama karibu na ncha za waya, akasema tu, "Huenda."

Mwinyi Shomari alisikitika, kwani Mabruki alikuwa mpwa wake. Lakini kiapo ni kiapo. "Mabruki, kesho baada ya swala utafunga safari." Mabruki akaingiza vyombo ndani, akatoka na sanduku lake limefungwa kamba, akaliweka mbele yangu, akakaa juu yake. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Nyumbani nilimkuta baba anakunywa uji. Nikamwambia tumeshinda, kibaraza ni chetu. Akafurahi, akaomba kipande cha waya uliobaki aione kazi yangu kwa vidole, maana macho yalikuwa yanamwacha. Akakipitisha kati ya dole gumba na kidole, taratibu, kutoka ncha hadi ncha.

"Mawe, mama wee!" akasema. "Umeupaka vizuri. Hata ncha hujasahau. Huyu ndiye mwanangu."

Nikatabasamu. Kisha tabasamu likanikauka usoni. Hata ncha. Nilikuwa nimeupaka waya wote siagi ya mwaka mzima, nene, yenye moshi, kama ninavyopaka nyerere, bila kufikiri, kama unavyofumba macho ukipiga chafya. Na masikioni mwangu nikasikia jinga moja la Tabora likisugua majivu: mafuta ni adui.

Niseme ukweli wote, kwani nimeshazeeka na hakuna wa kuninyang'anya kitu. Nilikaa pale nikawaza njia ya mkato. Nisubiri Mabruki aondoke. Nifute ncha. Taa iwake, niseme nimezifufua betri mwenyewe. Kibaraza changu, sifa zangu. Nani angejua? Nikamtazama baba, bado anakipapasa kile kipande na kufurahi, na nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Taa ya kwanza kuwaka Nyabiyonza ilikuwa masikio yangu.

Asubuhi ya Idi nilikimbia. Sikungoja hata chai. Nilimkuta Mabruki katika kanzu safi, ametoka kuswali, anashuka kibarazani, sanduku lake liko ngazini tayari. Nikalishika lile sanduku kwa mkono mmoja, nikalinyanyua, nikalirudisha juu kwa kishindo. Nilijishangaa, siku ile nilikuwa na nguvu za fahali.

"Usiende," nikamwambia. Mwinyi Shomari alikuwa mlangoni na wageni wa Idi wamejaa, wake kwa waume, na biriani inanukia. Nikapiga goti. "Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Idi njema. Vipi wewe, mbona unahema?"

"Taa sijaizima kwa mkono, lakini nimeizima mimi. Betri ni nzima. Waya nimeupaka siagi."

Wageni wakasogea. Hata watoto wakajipenyeza mbele.

"Siagi?" akasema Mwinyi Shomari.

"Ndiyo, Mwinyi."

"Siagi tu? Ungeongeza na asali tungeila."

Akaanza yeye kucheka, wakafuata wageni, mpaka mzee wa radi ndogo akakaa chini kwa kucheka. Mabruki peke yake hakucheka. Alikuwa amechutama, anasugua ncha za waya kwa majivu, na mimi nikachutama upande wa pili na limau, yeye ncha yake, mimi ncha yangu, vidole vinagongana. Akashika kwenye betri.

Ikawaka ya mafiga, nyekundu. Ikawaka ya kitanda. Ikachelewa ya ndama, ikatafakari, ikawaka! Kutoka mlangoni mwa ule mushonge mdogo ukatoka mwanga wa rangi ya asali, na kila unyasi ukaonekana. Zuhura akalala chini na nguo yake ya Idi, akachungulia muda mrefu, kisha akageuka akatuambia kwa hasira, "Nyamazeni! Wanakula!"

Nikacheka mpaka nikalia. Halafu nikakumbuka.

"Nilisema aliyeiharibu ataondoka," Mwinyi Shomari akasema, na sasa hakuwa anacheka.

"Ulisema, Mwinyi."

"Baba," Zuhura akasema bila kutoa jicho mlangoni, "na kesho nani atawasha?"

Mwinyi Shomari akafikiri. Akautazama mlango wa duka, kulia, kushoto. "Koku, ondoka hapo," akasema, akionyesha mkeka wangu. Nikauchukua. "Pita. Pita mlango. Haya, kaa hapo kushoto. Umeondoka. Mabruki, wewe kaa kulia. Na mlango wangu uachwe wazi katikati, wateja wapite."

Tukakaa. Taa zile ziliwaka hadi adhuhuri, betri zikachoka, zikarudi kwenye kibuyu cha chumvi. Kila Idi tuliziwasha mpaka globu zikaungua moja baada ya nyingine, na Zuhura akawa mkubwa akawapa ndama wake watoto wa jirani.

Nyerere zimekufa, vijana. Wasichana wanataka viatu. Matundu ya bamba la baba yamejaa kutu na mimi silalamiki, niliyavuta ya kutosha. Ninachowaachia si namna ya kuzungusha waya. Kitu mnachokifanya vizuri mno, mpaka hamkifikirii tena, ndicho cha kukichunguza kwanza taa isipowaka. Na mkikigundua, semeni kabla hamjanywa chai.

Mabruki mnamjua, ndiye huyo anayekoroma kwenye kiti. Maisha yetu yote, chochote kikigoma humu ndani, mlango, jiko, hata mvua ikichelewa, ananiuliza, "Umepaka siagi?" Lakini hilo si la mwisho. Tulipokwisha kupata mtoto wa tatu, jioni moja nikamwambia bado najishangaa nilivyolinyanyua sanduku lake siku ile kwa mkono mmoja.

Akatazama pembeni. "Lilikuwa tupu," akasema.

"Tupu namna gani?"

"Vyombo vyangu vilikuwa stoo. Nilinusa siagi kwenye ncha pale pale ilipokataa kuwaka, na betri nilizijaribu humo stoo kwa globu ya akiba, ikawaka. Nikafunga sanduku tupu, nikakaa juu yake nisubiri."

"Ulisubiri nini, wewe mtu?"

"Nione kama utakuja," akasema. "Fundi wa waya ningempata popote. Wa kuoa nilitaka kwanza nimjaribu kama ninavyojaribu betri."

Nilimrushia kata ya maji. Ilimpata.